Barua za Jikoni: Carbonara ya kopo na hasira za Waitaliano

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, habari ya makopo ya spageti za carbonara yaliyoingia katika maduka ya Uingereza mwaka 2024 na ghadhabu yaliyoizusha nchini Italia. Tangu hapo barua zimekuwa zikinifikia kutoka kwa wapishi, walimu, wanafunzi na wazazi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini watu wazima wakasirikie chakula cha kopo? Nimechagua tano, nikazifupisha bila kugeuza maana.

Shikamoo Mama. Mimi ni mpishi katika hoteli ndogo ya wageni hapa Malindi, na tajiri wangu ni mama wa Kiitaliano ambaye amenifundisha mengi kwa miaka sita. Mwezi uliopita mgeni kutoka Uingereza alituachia makopo mawili ya carbonara. Niliyapasha moto kwa chakula cha mchana cha wafanyakazi, nikamwekea na yeye sahani, nikidhani nitamfurahisha. Alionja mara moja, akaweka uma chini, akasema, "Hii si carbonara," akaenda zake chumbani. Nilimkosea nini? – Mpishi, Malindi

Marahaba, mwanangu. Hukumvunjia heshima, na naamini yeye mwenyewe analijua hilo. Ulichomwandalia ni chakula kilichopewa jina la carbonara ilhali vitu vinavyolipa jina hilo maana havimo, na kwa mtu aliyekulia penye carbonara jambo hilo huuma kuliko kupewa chakula kibaya chenye jina lake halisi.

Carbonara ya Roma ina vitu vinne mbali na tambi zenyewe: shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ambalo wao huliita guanciale, mayai, jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo pecorino, na pilipili manga. Mpishi hukata guanciale vipande vinavyokaribia ukubwa wa kidole kidogo, akavikaanga bila kuongeza hata tone la mafuta, mpaka mafuta ya nyama yenyewe yatoke na kingo za vipande zikauke na kulia chini ya jino. Wakati huo, katika bakuli lililo pembeni, amekwisha kupiga viini vya mayai pamoja na pecorino iliyoparuzwa na pilipili iliyotwangwa papo hapo, mpaka imekuwa uji mzito wa manjano. Tambi zinapokuwa zimeiva lakini bado zinagoma kidogo zikitafunwa, huzitia katika kikaango chenye yale mafuta, hukiondoa kikaango motoni, na hapo ndipo humimina uji wa mayai na kijiko kimoja au viwili vya maji yaliyochemshiwa tambi, huku mkono wake ukikoroga bila kusita.

Kuondoa kikaango motoni ndiko kunakoamua kila kitu. Kiini cha yai huanza kuwa kizito kikifika karibu nyuzi joto 65, na kikivuka nyuzi 70 hushikamana kabisa, kwa hiyo mpishi ana nafasi nyembamba sana kati ya mchuzi unaong'aa na mayai ya kuvuruga. Sisi wa pwani tunaifahamu hofu hiyo kwa njia yetu, maana aliyewahi kuacha tui zito lichemke bila kulikoroga, likakatika, ameshaonja uchungu wa namna hiyo hiyo.

Sasa litazame kopo. Chakula kisicho na uchachu, kikishafungwa ndani ya kopo, hupikwa humo humo kwa joto la takriban nyuzi 121, ili kuua vijidudu sugu vinavyoweza kuleta sumu ya kuua mtu. Hakuna yai litakalobaki laini katika joto hilo, wala hakuna tambi itakayogoma kwenye jino baada ya kupikwa hivyo na kisha kukaa miezi kadhaa ndani ya mchuzi. Ndiyo maana carbonara ya kopo huwa na sosi nyeupe ya maziwa au krimu iliyofanywa nzito kwa wanga, na tambi zinazokatika kwa ulimi. Wala hilo si kosa la mtu wa kiwandani aliyefanya kazi yake ovyo; kanuni za joto hazikumwachia njia nyingine. Kwa hiyo tajiri wako alisema kweli tupu, kwamba kilichokuwa katika sahani kilikuwa chakula kingine.

Si yeye peke yake aliyesema hivyo. Kampuni ya Heinz ilipolitangaza kopo hilo mwaka 2024, kwa bei ya pauni 2, wapishi wa Roma walilishutumu katika magazeti, na Daniela Santanchè, aliyekuwa waziri wa utalii wa Italia wakati huo, akaungana nao hadharani. Wewe unaishi Malindi, ambako Waitaliano wamekuwa majirani tangu siku za kituo cha San Marco, kilichorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka bahari hiyo yenu mwaka 1967, kwa hiyo nadhani umekwisha kuona kwamba chakula kwao si jambo la mzaha. Mwendee asubuhi kabla kazi hazijashika kasi, umwombe akufundishe carbonara ya kwao, naye akuruhusu ukoroge wewe. Kama wenzako waliyala yale makopo wakashiba, hapana ubaya wowote. Ni chakula cha mtu mwenye njaa na dakika tano.

Mama, nimesoma kwamba carbonara yenyewe ilitokana na mayai ya unga na nyama ya nguruwe ya wanajeshi wa Marekani. Kama ni hivyo, Waitaliano wanatetea nini? Huoni kwamba huo ni unafiki? – Mwalimu, Kampala

Ndugu Mwalimu, ulichosoma kina msingi. Jina la carbonara huanza kuonekana katika maandishi ya mapishi baada ya Vita Kuu ya Pili tu. Moja kati ya maelezo ya awali yaliyochapishwa lilitoka Chicago mwaka 1952, na jarida la La Cucina Italiana lilipochapisha lake mwaka 1954 liliagiza kitunguu saumu na jibini ya Gruyère, ambayo asili yake ni Uswisi. Alberto Grandi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Parma, aliyasema hayo kwa sauti kubwa mwaka 2023, na wananchi wenzake wengi wakamkasirikia kana kwamba ameitukana bendera. Mimi naona alifanya kazi ya mwanahistoria.

Ila neno unafiki silikubali. Wapishi wa Roma walikipokea chakula kilichozaliwa katika uhaba, wakakifanyia kazi kwa miongo kadhaa: kitunguu saumu kikaondoka, Gruyère ikaondoka, krimu ikaingia kwa muda nayo ikaondoka, mpaka vikabaki vitu vinne visivyokuwa na mahali pa kujificha makosa ya mpishi. Kazi hiyo ya kupunguza ndiyo wanayoitetea, nalo kopo linaifuta kwa kurudisha krimu ile ile iliyokwisha kutolewa. Chakula chenye umri wa miaka 70 kinaweza kuwa na wenyewe sawa na chenye umri wa miaka 700, ilimradi kuna watu wanaokipika kila wiki na kugombana juu yake.

Tena, aliyewazoesha Wamarekani tambi za kopo alikuwa Mwitaliano. Ettore Boiardi alizaliwa mwaka 1897 katika wilaya ya Piacenza, akahamia Marekani akiwa kijana, na mwaka 1924 akafungua mkahawa mjini Cleveland. Wateja waliupenda mchuzi wake hata wakaomba kwenda nao nyumbani, naye akawa anawatilia katika chupa za maziwa. Mwaka 1928 alianzisha kampuni, akaliandika jina lake jinsi linavyotamkwa, Chef Boy-Ar-Dee, ili wateja wasijikwae, na wakati wa vita kiwanda chake kikawapikia wanajeshi. Simlaumu mtu yule hata kidogo. Alichouza alikiuza kwa jina lake mwenyewe na kwa picha ya uso wake, na aliyenunua alijua kwamba ananunua tambi za bwana huyo.

Kwa kuwa unaandika kutoka Uganda, nikukumbushe pia kwamba hasira hii ina tawi linalofika kwenu. Mwaka 1986 mkahawa wa McDonald's ulipofunguliwa karibu na uwanja wa Piazza di Spagna mjini Roma, Carlo Petrini na wenzake walipinga, na kutokana na vuguvugu hilo ikazaliwa jumuiya ya Slow Food, iliyotia saini ilani yake Paris mwaka 1989. Petrini alipoachia uongozi mwaka 2022, aliyechaguliwa kuwa rais wa jumuiya hiyo duniani alikuwa Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Lililoanza kama chuki dhidi ya mkate wa nyama ya kusaga limekuwa kazi ya kulinda mbegu, mashamba ya shule na ndizi za asili.

Ambapo mimi nawaacha mkono Waitaliano ni pale siasa inapoingia jikoni. Novemba 2025 waziri wa kilimo, Francesco Lollobrigida, alilalamika kwamba katika duka lililomo ndani ya Bunge la Ulaya mjini Brussels kulikuwa na sosi za chupa zilizovaa sura ya Kiitaliano, mojawapo ikiwa ya carbonara iliyotiwa pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe badala ya shavu. Wasiwasi wa mkulima anayeona bendera ya nchi yake kwenye bidhaa isiyotoka shambani kwake naukubali, na sheria ipo ya kumlinda: mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba neno "Parmesan" humfanya mnunuzi aifikirie Parmigiano Reggiano, jibini yenye hifadhi ya jina. Lakini pancetta imo katika maelezo yale yale ya mwaka 1954. Waziri angesema kwamba mayai hayawezi kukaa salama na laini katika chupa, ningesimama upande wake. Kulilia shavu huku akisahau yai ni kushika tawi na kuacha shina.

Katika supamaketi ya mtaani kwetu kuna chupa za sosi ya "bolognese", na wanangu wanaipenda mno. Je, huko Bologna inajulikana? – Baba wa watoto watatu, Dar es Salaam

Mchuzi wa nyama unajulikana sana. Spageti zake ndizo hazijulikani. Watu wa Bologna hula mchuzi wao, ragù, na tagliatelle, ambazo ni tambi pana za mayai zinazoushika vizuri, na tarehe 17 Oktoba 1982 Accademia Italiana della Cucina, jumuiya inayolinda mapishi ya Italia, iliweka maelezo ya ragù hiyo rasmi katika chemba ya biashara ya mji, kisha ikayahuisha mwaka 2023. Ni nyama ya ng'ombe, pancetta, kitunguu, karoti, figili ya majani, mvinyo na nyanya kiasi, vyote vikichemka polepole kwa saa mbili au zaidi. Chupa yako kwa kawaida ni nyanya kwanza, na nyama unaitia wewe. Wape watoto wale wafurahi, na nyumbani muiite spageti za nyama ya kusaga, ambalo ni jina zuri na la kweli.

Shikamoo Mama. Nasoma hapa Leeds, na mara nyingi jioni nachemsha tambi na kuzichanganya na pesto ya chupa. Mwenzangu wa nyumbani, Mwitaliano, aliisoma lebo akacheka kwamba imejaa korosho na mafuta ya alizeti, ingawa yeye mwenyewe ana pizza tatu katika friza. Mimi ni mtoto wa Mtwara; nilihisi kama amezicheka korosho zetu. Je, ana haki? – Mwanafunzi, Leeds

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu umegusa mambo mawili ambayo wengi huyachanganya.

La kwanza ni pesto yenyewe. Pesto ya Genova hutengenezwa kwa majani machanga ya mrihani wa eneo hilo, mbegu za msonobari, kitunguu saumu, chumvi ya mawe, Parmigiano, pecorino na mafuta ya zeituni, na chombo chake ni kinu cha marumaru na mchi wa mbao. Mtwangaji huuzungusha mchi ukutani mwa kinu badala ya kupondaponda, kwa sababu majani yakipata joto au kukatwakatwa ovyo hugeuka meusi na kupata ukakasi. Tangu mwaka 2007 kuna mashindano ya dunia ya kutwanga pesto katika jumba la Palazzo Ducale mjini humo, ambapo washindani 100 hukaa mbele ya vinu vyao. Pesto ya chupa huhitaji kupashwa joto ili isiharibike dukani, na joto hilo ndilo linaloifanya iwe na rangi ya majani yaliyoanza kukauka na harufu ya mbali, kama chai ya jana. Fungua chupa yako, unuse, kisha ufikiche jani bichi la mrihani kati ya vidole. Tofauti utaipata puani hata kabla hujaonja.

La pili ni korosho. Zimeingia katika chupa kwa sababu mbegu za msonobari ni ghali mno, na viwanda vya Italia penyewe hufanya hivyo, na Waitaliano wananunua. Mwenzako asidhani kwamba ni ujanja wa Waingereza. Kinachoniudhi mimi ni kwamba korosho, ambayo mkulima wa Newala huiokota moja moja chini ya mkorosho, na ambayo sehemu kubwa huuzwa ikiwa ghafi na kwenda kubanguliwa India na Vietnam, hufichwa katika maandishi madogo nyuma ya lebo kana kwamba ni aibu. Iandikwe mbele, "pesto ya korosho", na haitakuwa na cha kuficha. Ukipata kinu huko Leeds, twanga mrihani, korosho mbichi zilizobanguliwa, kitunguu saumu na chumvi, umalizie kwa jibini na mafuta mazuri ya zeituni, halafu mkaribishe mwenzako. Sidhani kama atacheka.

Na hizo pizza zake za friza zisikushangaze. Nchini Italia pizza za kugandishwa na tortellini, yaani tambi ndogo zilizojazwa na kukunjwa, zilizo tayari kwa sufuria ziko katika kila supamaketi, na mtengenezaji wa tambi Giovanni Rana amekuwa maarufu kwa kuuza tortellini ambazo kina mama hawakuwa tena na muda wa kuzikunja. Wanachokikataa ni kitu kinachowadanganya juu ya asili yake, wala si wepesi. Kampuni ya Domino's iliingia Italia mwaka 2015 na kufikia 2022 maduka yake yote yalikuwa yamefungwa. Wakati wa korona pizzeria za mitaani nazo zilianza kupeleka chakula majumbani, na mtu akishaweza kuletewa pizza ya jirani yake mlangoni hana sababu ya kuagiza nyingine.

Assalamu alaykum Mama. Sisi hatuli nguruwe, lakini binti yangu ameona carbonara kwenye simu na hanipi raha. Nikitia nyama ya ng'ombe na krimu itakuwa carbonara? – Mama Mwajuma, Mombasa

Wa alaykum salaam, dada yangu. Haitakuwa, na mimi nakushauri usiihangaikie, kwa sababu ndugu yake wa karibu hahitaji nyama kabisa. Anaitwa cacio e pepe, yaani jibini na pilipili, na ana vitu vitatu tu: tambi, pecorino na pilipili manga. Jambo moja la kuangalia ni kwamba Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa mwanakondoo, kwa hiyo suala la uchinjaji linabaki; zipo pecorino nyingine zilizogandishwa kwa kimeng'enya cha mimea, na lebo huonyesha.

Usitie siagi wala krimu. Mwaka 2025 tovuti ya mapishi ya Good Food ya Uingereza iliisifu cacio e pepe kama chakula chepesi cha mchana, ikaagiza Parmesan na siagi, na chama cha wenye mikahawa wa Roma kikaandika barua ya malalamiko hata kwa balozi wa Uingereza. Siagi hutiwa kwa kuogopa jibini isigande mabonge, na hofu hiyo ni ya haki, maana pecorino ikipita karibu nyuzi 65 protini zake hushikana na mchuzi ukaharibika.

Ila kuna njia ya mkato ambayo hata Waitaliano wenyewe wameibuni. Mwaka huo huo wa 2025 wanafizikia wa Kiitaliano walichapisha utafiti wao juu ya mchuzi huu, wakaonyesha kwamba wanga ukiwa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini, mabonge hayatokei. Chukua gramu 4 za wanga wa viazi au wa mahindi, uchanganye na mililita 40 za maji, upashe moto taratibu mpaka uwe kama gundi inayopitisha mwanga, kisha uuache upoe. Saga pamoja nao gramu 160 za pecorino, na ukiona ni nzito mno ongeza maji kidogo. Chemsha gramu 240 za spageti kwa chumvi kidogo kuliko kawaida, kwa sababu jibini yenyewe ina chumvi nyingi. Zichuje zikiwa bado zinagoma, ubakize kikombe cha maji yake, na uzisubiri dakika moja zipungue moto. Hapo changanya na jibini, ulegeze kwa yale maji kijiko kwa kijiko mpaka kila uzi wa tambi upakazike, na pilipili manga uliyoikaanga kavu na kuitwanga iingie mwisho. Inawatosha watu wawili wenye njaa. Mwite binti mezani kabla hujaanza kuchanganya, kwa sababu baada ya dakika kumi mchuzi huganda kwenye sahani.